Nzuri za Kooralong

Jumatano asubuhi imani ya jimbo letu la Kooralong kwa serikali ilisimama kwenye arobaini na mbili, na mimi, Sikudhani binti Ramadhani, mzaliwa wa Ujiji, mkazi wa Australia huu mwaka wa ishirini na sita, sikuiamini namba ile hata kidogo.

Hebu fikiria mwenyewe. Mbunge wetu, Hadley Croome, ambaye pia ni Waziri wa Afya, alikuwa ameichukua ndege ya wagonjwa wa mikoani, akapakia mke, watoto na vifaa vyao vya kutelezea kwenye theluji, wakaenda kupumzika milimani msimu mmoja wa theluji uliopita. Picha ikatoka sasa, bila tarehe. Machela imeegemezwa pembeni, na juu ya kitanda cha mgonjwa amelala mbwa. Mbwa, mwenzangu! Alipoulizwa, mheshimiwa akajibu kwamba ilikuwa "hitilafu ya upangaji wa safari". Wakati huohuo umeme umepanda mara ya tatu tangu Januari, na kabichi moja inauzwa bei ambayo zamani ungenunulia kuku mzima. Mji wa namna hiyo unapata arobaini na mbili? Hiyo ni namba ya watu walionuna kidogo tu kwa sababu ya mvua.

Kazi yangu ni uchambuzi wa Mizani, ofisi ya Kooralong, meza ya lugha za nje. Kila wiki Mizani huchagua kwa kura watu mia mbili wa jimbo, kama wanavyochaguliwa wazee wa baraza mahakamani. Kila mmoja huvalishwa kifungo kidogo cha kijivu kwenye ukosi wa nguo kwa siku saba. Kifungo kinasikiliza mtu anavyoongea jikoni, kazini, dukani, kisha mtambo unapima katika maneno yake kuna imani kiasi gani kwa serikali, sifuri mpaka mia. Watu wetu wanataniana sana kuhusu jambo hilo. "Shemeji, nasikia umepata kifungo cha siku saba." "Ndiyo, na kazi ngumu."

Uchaguzi wa kawaida bado upo. Kila baada ya miaka mitatu tunapanga foleni nje ya shule, tunakula soseji ndani ya mkate, tunaweka alama zetu, na asiyekwenda anatozwa faini. Lakini tangu Sheria ya Mizani ipite, serikali haisubiri tena miaka mitatu kusikia watu wanasemaje. Imani ya jimbo ikishuka chini ya arobaini, mtambo unatafuta sababu, na sababu zinazokubaliwa ni mbili tu: Kashfa au Maisha. Kashfa ikizidi, mbunge anaachia kiti ndani ya siku saba. Maisha ikizidi, mbunge anabaki, na jimbo linapewa nafuu: umeme kwa nusu bei mpaka baridi iishe. Vyote viwili kwa mpigo haviwezekani. Waliotunga sheria walidai kwamba serikali ikipewa amri mbili kwa siku moja haitatii hata moja.

Na wiki ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kupimwa kabla ya majira ya baridi. Mtakaloandikiwa wiki hiyo mtakaa nalo hadi Septemba.

Basi nikafungua majalada ya watu wangu. Katika wale mia mbili, kumi na tisa walikuwa wanazungumza Kiswahili, wengi wao watu wa Kongo wanaofanya kazi kiwanda cha nyama. Wote kumi na tisa walikuwa na rangi ya kijani. Kijani maana yake ameridhika. Nikasema, ala! Nikafungua sauti ya mmoja wao, fundi wa vyumba vya barafu aitwaye Lubunga, akiwa amekutana na jirani yake kwenye maegesho.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Nzuri tu."

"Watoto?"

"Wazima kabisa, namshukuru Mungu. Ila tumefiwa."

Halafu kikafuata kilio cha dakika kumi na moja. Nauli ya ndege ya kwenda msibani imemshinda. Jokofu amelizima kwa sababu ya bili. Waziri anabeba mbwa bure kwa ndege ya serikali na yeye hawezi kwenda kumzika mama yake mdogo. Mtambo ulikuwa umesikiliza yote, ukaandika: ameridhika, tisini na moja.

Nilijua kosa liko wapi, kwa sababu nililiweka mwenyewe.

Miaka mitatu nyuma, Mizani ilipotaka kuongeza Kiswahili, mimi ndiye niliyeajiriwa kuufundisha mtambo. Ilikuwa kazi ya wiki mbili na nilikuwa na haraka ya kuajiriwa moja kwa moja. Wazungu ukiwauliza hali, neno la kwanza huwa ndilo lenye uzito, mengine ni mapambo. Mtambo ulikuja na kanuni hiyo tayari: jibu la kwanza lihesabiwe mara tano. Mimi niliulizwa tu kama kanuni inafaa kwa Kiswahili. Nikajibu inafaa. Mimi, niliyelelewa Ujiji, ninayejua fika kwamba hata mwenye maiti ndani atakujibu "nzuri" mlangoni kwanza, kwa sababu huwezi kumtupia mgeni msiba hata hajavua viatu! Mtu mzima huanza na nzuri. Shida huja baadaye, ikishakaribishwa.

Kwa hiyo miaka mitatu watu wangu walikuwa wanahesabiwa kuwa na furaha. Baridi tatu Kooralong ilikosa nafuu ya umeme kwa pointi mbili, kwa pointi tatu, mara moja kwa pointi moja. Nilikaa pale kwenye kiti nikijiona mchawi.

*

Bosi wangu ni Bronwyn Keough. Huku bosi anaitwa jina lake kavu, bila Bibi wala Mama, na mpaka leo ulimi wangu unasita; yeye huniita Siku. Ni mwanamke mrefu, mkweli kwa kiasi chake, anayekula karoti mbichi siku nzima. Nilimweleza lile kosa la kanuni, na kwamba ni langu.

"Ukiwaondoa hao kumi na tisa kwenye kijani," nikamwambia, "imani ni ngapi?"

Akagusa kioo cha kompyuta yake. "Thelathini na saba." Akaiweka karoti chini. "Na sababu?"

"Kashfa sitini na watatu. Maisha hamsini na watano. Bila wa kwangu."

Sote wawili tulikuwa tumeelewa. Wale kumi na tisa ndio wangeamua.

"Wapange upya kwa mkono," akasema. "Mpaka Ijumaa saa sita mchana. Mmoja mmoja, kisanduku kimoja kwa mtu, hakuna nusu nusu. Na Siku, nakwambia tu ili ujue, ofisi ya Waziri imepiga simu mara tatu leo. Wanasema wangefurahi sana wananchi wakipata nafuu ya umeme."

"Wana huruma ghafla hao!"

"Kosa la kanuni nitaandika hitilafu ya mtambo," akaongeza, kwa upole kabisa. "Hakuna haja ya kutaja mtu."

Nilitakiwa kumkatalia palepale. Sikumkatalia. Nilisema asante, nikarudi mezani, na nilifarijika, sitaficha.

Siku mbili nilisikiliza. Nikwambie ukweli, kazi ile ilinikera, kwa sababu nani aliwaambia kwamba vitu hivi ni viwili? Nakumbuka miaka ya nyuma, nyama ilipokuwa rahisi na nyumba zinapangika, mbunge mwingine wa hapahapa alinaswa na jambo chafu kuliko la Croome. Tulicheka, tukamtungia vichekesho, tukamrudisha bungeni. Mtu akishiba husamehe. Lakini mzimie hita, mpandishie kodi ya nyumba, halafu umwonyeshe mbwa ndani ya ndege: hapo anaona ametukanwa yeye, na mama yake, na watoto wake. Bei peke yake watu huivumilia, wakisema ni dunia. Ila wakijua kuna mtu haimgusi, na mtu huyo ndiye aliyewaambia wafunge mikanda, uvumilivu unaisha siku hiyohiyo. Sasa mtu wa hivyo unamtia kisanduku gani?

Nilitumia njia moja tu: mtu amerudia jambo gani mara nyingi. Lubunga alirudia nauli, nikamwandika Maisha. Mwingine alirudia mbwa, Kashfa. Nilijitahidi kutowaongezea wala kuwapunguzia. Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa nimemaliza kumi na wanane: Maisha kumi na watatu, Kashfa watano.

Nikajumlisha. Sitini na wanane kwa sitini na wanane.

Nikajumlisha tena, nikatoka nje kupunga hewa, nikarudi, namba zilikuwa zilezile. Aliyebaki alikuwa Mama Wilondja, na sauti yake ya wiki nzima ilikuwa na sentensi moja tu kuhusu serikali, aliyomwambia jirani: "Nzuri, tunashukuru. Ila ile ndege, na hii baridi, ah." Hapo alianza kukohoa, na maongezi yakahamia kwenye kanisa.

Sheria inaruhusu mchambuzi kumtembelea mtu kama huyo na kumuuliza swali moja. Hairuhusu kumweleza jibu lake litafanya nini.

*

Mama Wilondja ni mtu wa Fizi kule Kongo, kabila lake Mbembe, umri wake sabini na kitu. Alikaa miaka ishirini kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kuletwa huku, ndiyo maana anaitikia shikamoo yangu bila kushangaa. Anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda. Mapafu yake ni mabovu. Daktari amemwambia chumba chake kisishuke chini ya digrii kumi na nane, na nilipoingia niliona pumzi yangu inatoka mdomoni kama moshi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kwako?"

"Nzuri, Mama. Za hapa?"

"Nzuri sana. Kaa, kaa. Za kazi?"

"Nzuri."

"Bwana yako?"

"Mzima."

Alinimiminia chai. Alikuwa amevaa makoti mawili na kofia ya sufu, na kile kifungo cha kijivu kilikuwa kimebanwa kwenye koti la juu. Ukutani kulikuwa na picha ya marehemu mumewe, Mzee Etabo, amevaa suti ya harusi ya mtu mwingine. Mzee Etabo alifariki baridi ya mwaka juzi. Nilikuwepo msibani. Nilipika wali.

Nikakumbuka ni mwaka gani ule. Ule ndio tuliokosa kwa pointi moja.

"Mama," nikasema, "nimekuja na swali la serikali. Lakini kabla sijauliza, hicho kifungo ukiweke mbali kidogo."

Akanitazama, akakichomoa, akakitia ndani ya kopo la unga, akafunika. Hakuuliza kwa nini. Watu waliokimbia vita hawaulizi sana.

Nikavunja sheria. Nilimweleza yote. Akijibu kwamba ni baridi na bei ndivyo vilivyomwondolea imani, umeme wa Kooralong yote utashuka nusu mpaka Septemba, na yeye ataweza kuwasha hita mchana na usiku. Akijibu ni ile ndege, Waziri ataondoka, na umeme utabaki ulivyo. Jibu lake ndilo la mwisho, hakuna lingine baada yake.

"Kwa hiyo unataka niseme baridi," akasema.

"Nataka upone, Mama. Majirani zako pia. Lubunga amezima jokofu. Watoto wa pale mbele wanalala na makoti. Huyo Waziri mwache aende zake, Mungu atamuona."

Alikohoa, akanywa chai, akapangusa mdomo kwa kitambaa.

"Mzee wangu alianza na baridi," akasema. "Tulikuwa tunawasha hita saa mbili tu kwa siku. Kifua kikambana. Hospitali ya hapa wakasema hatuwezi, aende mjini kwa ndege. Ndege ileile, Siku. Tukaambiwa haipo. Tukasubiri asubuhi mpaka jioni. Ilikuwa wapi siku ile? Labda ilikuwa imembeba mgonjwa mwingine, na kama ni hivyo sina neno. Labda ilikuwa imebeba mbwa. Sitajua. Hiyo ndiyo inayoniuma. Sitajua, kwa sababu yule bwana anasema ni hitilafu."

"Mama, pole."

"Kambini kuna mtu alinijia. Alikuwa na wale waliotuchomea nyumba Fizi. Akapiga magoti kwenye tope akasema, mama, nilikuwemo. Nilimpa maji akanywa. Sikumpenda, lakini nililala usiku ule. Yule alisema nilikuwemo. Huyu wa ndege hayumo popote. Ndege ilijiendesha yenyewe, mbwa alijipandisha mwenyewe."

Nilikumbuka karoti ya Bronwyn na lile neno lake la upole, hitilafu ya mtambo, na jinsi nilivyosema asante. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto kwenye kile chumba cha baridi.

"Mama Wilondja," nikasema, "kuna jambo lingine. Mtambo umekuwa ukiwaandika nyinyi wote kuwa mna furaha. Miaka mitatu. Unasikia nzuri ya mlangoni, hausikii yanayofuata. Mimi ndiye niliyeufundisha hivyo. Niliulizwa, nikasema inafaa, kwa sababu nilitaka kazi. Baridi ile ya Mzee tulikosa nafuu kwa pointi moja. Ningekuwa nimefanya kazi yangu, mngekuwa na umeme wa nusu bei. Nimekosa, Mama. Ni mimi."

Aliangalia kikombe chake. Nilitamani anifukuze, anitukane, anipige kwa kile kikombe.

Badala yake akainuka, akaenda kwenye kopo la unga, akakichomoa kifungo, akakipuliza, akakibana tena kwenye koti.

"Uliza swali lako," akasema.

"Mama, ukishasema, haibadiliki."

"Uliza."

Nikawasha kibao changu cha kazi, kile cha kioo cha kugusa. "Mama Wilondja, kati ya gharama za maisha na kashfa ya mbunge, kipi kimekuondolea imani kwa serikali?"

"Ndege," akasema, kwa sauti kubwa, akiuinamia ule ukosi. "Andika ndege. Baridi naijua, nimeishi nayo, na nitaishi nayo mwaka huu tena Mungu akipenda. Mlishaniandikia furaha ambayo sikuwa nayo. Leo msiniandikie njaa ili yule bwana asilazimike kusema, nimekosa. Nimesema ndege."

Kidole changu kilikaa juu ya kile kibao. Nikwambie kila kitu: niliwaza kudanganya. Maisha ilikuwa upande wa kushoto, Kashfa upande wa kulia, na hakuna ambaye angejua, kwa sababu sauti za wiki hufutwa Jumapili. Kubonyeza tu kushoto, na mwanamke huyu angelala kwenye joto. Angelaumu mtambo. Angepona. Na mimi ningekuwa nimemsemea kwa mara ya pili, kwa wema safari hii.

Nikabonyeza kulia. Sitini na tisa kwa sitini na wanane.

Simu ikalia dakika hiyohiyo. Alikuwa Bronwyn. "Ni Kashfa?" akauliza, na nyuma yake nilisikia simu nyingine zinaita.

"Ni Kashfa."

"Basi. Ameondoka." Akashusha pumzi. "Nafunga ripoti sasa. Ile hitilafu ya mtambo..."

"Usiandike mtambo," nikasema. "Andika Sikudhani Ramadhani, meza ya lugha za nje. Andika miaka mitatu."

"Siku, utapoteza kazi."

"Najua. Andika."

Nilikata simu kabla sijabadili mawazo, maana mimi najijua. Mama Wilondja alikuwa ameketi tena, mikono ndani ya mikono ya koti. Nje king'ora cha kiwanda kililia cha saa sita, na zamu ya asubuhi ikaanza kutoka getini, watu wamejikunyata, hakuna aliyejua bado amepata nini na amekosa nini. Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke.

Akanisogezea kitambaa chake.

"Kazi ya serikali imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, Mama."

Akakichomoa kifungo, akakiweka mezani, kisha akavuta kiti chake kikawa karibu na changu kiasi kwamba magoti yetu yaligusana.

"Haya," akasema. "Sasa lile la mzee wangu. Nieleze upya, kuanzia mwanzo, na usiruke neno."

Nikaanza.